Gari la Baba Lilivyotugombanisha

Msomaji mpenzi, huenda siku moja umekwama kwenye msongamano wa magari pale Waiyaki Way ukaona kigari cha kijani kilichokolea, cha viti viwili tu, kisicho na paa ila turubai lililokunjwa nyuma. Kama ulikiona, basi ulituona sisi. Makanga wa matatu hukipigia mluzi. Watoto wa shule hukikimbilia. Juzijuzi askari wa trafiki alinisimamisha karibu na Uthiru, nami nikaanza kupekua mifuko nikitafuta leseni, kumbe bwana yule alitaka tu kujua kama kinauzwa.

Hakiuzwi. Wala sikushika kalamu ili nikisifu. Nataka kukusimulia jinsi kilivyonigombanisha na baba yangu mzazi kwa muda wa miezi minne, hata tukawa tunajuliana hali kwa kupitia kwa mjukuu wake. Iwapo nawe kuna chuma kizee kinachooza nyuma ya nyumba ya wazazi wako, na moyo wako umeanza kukitamani, heri usikie haya kabla hujashika spana.

Gari lenyewe ni MGB la mwaka wa 1966. Herufi M na G zatokana na Morris Garages, karakana ya mji wa Oxford kule Uingereza. MGB lilianza kuuzwa 1962, likaundwa katika mji mdogo wa Abingdon hadi Oktoba 1980 kiwanda kilipofungwa. Yaliundwa zaidi ya nusu milioni, na mengi yakavuka bahari kwenda Marekani. Usidhani lilikuwa gari la mabwanyenye. La hasha! Mabwanyenye walinunua Jaguar. Hili lilikuwa gari la mwalimu kijana au karani ambaye bado hajaoa, mtu anayetaka kupigwa na upepo Jumapili na bado afike kazini Jumatatu. Injini yake ni ya sentimita za ujazo 1798, nguvu zake ni za farasi 95, na barabara ikiwa nzuri hupita maili mia moja kwa saa. Kwa wakati huo hiyo haikuwa mbio ya kudharauliwa.

Lililetwa nchini na mkulima mmoja Mwingereza wa upande wa Nakuru. Baba naye alikuwa akifanya kazi katika karakana moja ya mji huo. Hakuandikwa fundi. Kwenye daftari la mshahara aliandikwa "spanaboi", yaani mvulana wa kumpokeza fundi spana, ingawa alikuwa na mke na watoto wawili, na ingawa gari hilo la mkulima halikuguswa na mkono mwingine isipokuwa wake. Mkulima aliporudi kwao mwaka wa 1973 alimuuzia baba gari hilo kwa bei ambayo mzee husema ilikuwa ya ng'ombe watatu, ikakatwa kwenye mshahara kidogo kidogo. Pamoja na gari alimpa kitabu kikubwa cha karakana, chenye picha za kila skrubu.

Baba aliliendesha hadi mwaka wa 1991. Kisha karo zetu zikamzidi maarifa, akaliegesha kwenye kibanda cha mabati nyuma ya nyumba yetu ya Limuru na kuondoa betri. Unaijua baridi ya Limuru na ule ukungu wake. Kuku walitaga kwenye kiti cha abiria. Panya walikula waya. Namba yake ya zamani, herufi tatu na tarakimu tatu bila ile herufi ya mwisho, ilibaki ikitazama ukuta kwa zaidi ya miaka ishirini.

Mwaka wa 2015 mtu mmoja alikuja na lori akataka kulinunua kwa kilo, kama chuma chakavu. Baba hakukataa wala hakukubali. Alinipigia simu Nairobi akaniuliza, "Wewe wasemaje?" Nikajibu kabla sijafikiri, "Baba, nitalitengeneza."

Usiku huo mama watoto aliniuliza swali moja tu: "Kwa karo ya nani?"

Tukaafikiana kuwa kila muhula karo italipwa kwanza, na kitakachosalia ndicho kiende kwenye gari. Ndiyo sababu kazi iliyohitaji miezi minane ilichukua miaka mitatu na ushei. Nakushauri ufanye mapatano kama hayo mapema, na uyafanye mbele ya shahidi.

Jambo ambalo sikulijua ni kwamba gari kama hili halina chesisi. Pikapu ya kale unaweza kuing'oa bodi yote ukabaki na fremu ya vyuma inayosimama kwa magurudumu yake. MGB silo hivyo. Bodi yenyewe ndiyo fremu, na kwa kuwa halina paa la kushikilia sehemu ya mbele na ya nyuma, nguvu zake nyingi zimo katika vizingiti, ile mihimili miwili mirefu iliyo chini ya milango. Ndani ni mitupu kama mwanzi. Maji huingia, tope hukaa, kutu hula kutoka ndani kuja nje. Ukiona kitundu kidogo kama punje ya mtama juu ya rangi, ujue ndani hamna kitu.

Fundi wa kwanza niliyempa kazi ya bodi alikuwa hodari wa kunyoosha magari yaliyogongwa. Alitazama vizingiti akacheka, akachukua mashine ya kukatia, akavikata vyote viwili asubuhi moja. Kufikia saa nane mchana gari lilikuwa limelegea katikati kama mgongo wa punda mzee. Milango haikufunga tena. Mmoja uligusa bodi nyuma, na mwingine ukaacha pengo linalopitisha mkono. Yule bwana alisema angemalizia kwa puti na rangi na hakuna ambaye angejua.

Nikalipia kazi ya asubuhi ile na nikamwita baba. Mzee alifika kwa matatu akiwa amevaa koti lake la kanisani, akalizunguka gari mara mbili, kisha akanionyesha kwa fimbo yake. Kabla ya kukata kizingiti chochote huchomelewa chuma cha kushikilia mlango, kutoka nguzo ya mbele hadi nguzo ya nyuma. Gari huwekwa juu ya vigingi vilivyosawazishwa kwa pima maji. Hukatwa upande mmoja, hujengwa, milango hujaribiwa, ndipo uhamie upande wa pili. Tulimpata fundi mwingine aliyekubali kusikiliza, naye alitumia majuma sita kulirudisha gari mahali pake kwa jeki na minyororo. Tangu siku hiyo, fundi akicheka anapoona kazi, mimi huondoka na gari langu.

Mabati ya vizingiti tuliyapata kutoka Uingereza, na hapa ndipo wingi wa magari haya unapomfaa mtu wa kipato kidogo. Kwa kuwa yako mengi duniani, vipuri vyake bado hutengenezwa. Tangu 1988 mtu anaweza kununua hata bodi nzima mpya ya MGB, iliyofinyangwa kwa mitambo ile ile ya zamani. Mimi sikuwa na uwezo huo, lakini shemeji yangu anayeishi Leicester alikuwa akija likizo na gasketi na beringi zilizoviringishwa ndani ya soksi. Vitu vizito vilikuja kwa meli, na ushuru wake uliniliza.

Kuna jambo dogo linaloharibu magari haya kuliko hata kutu. Nati zake si za milimita. Ni za inchi. Kijana wa Kirinyaga Road, kule ambako wengi bado huita Grogan, akikuta nati ya nusu inchi huchukua spana namba 13, kwa sababu zakaribiana. Nusu inchi ni milimita 12.7. Hiyo tofauti ndogo yatosha kulainisha pembe za nati hadi iwe duara kama shanga, na baada ya hapo ni patasi na nyundo. Baba alikuwa na seti yake ya spana za inchi, imefungwa ndani ya gunia lililopakwa grisi. Aliniazima moja moja, na sikupewa ya pili kabla sijarudisha ya kwanza.

Injini ilikuwa imeshikana. Hapo ndipo ushauri ulipoanza kumiminika. Kila niliyemwuliza pale Grogan alinijibu mamoja: tia injini ya Toyota, yako tele kutoka Japani, utalala usingizi. Sikatai kwamba ni ushauri wa busara. Injini hiyo ingewaka kila asubuhi na kula mafuta kidogo. Nikalipeleka wazo hilo kwa mzee.

"Ukishatia injini ya Toyota," akaniuliza, "litaitwaje?"

Nikakosa jibu. Akaniwekea sharti ambalo nilikubali bila kulipima. Nilirudishe gari lilivyokuwa, nisiliboreshe.

Basi nikalirudisha. Tulimwaga dizeli ndani ya silinda tukangoja siku kumi, pistoni zikaachia. Krenkishafti ilisagwa, beringi zikawa mpya. Jambo moja tu ndilo mzee alilokubali libadilishwe, nalo ni viti vya valvu. Unakumbuka zamani petroli ilikuwa na madini ya risasi. Kenya iliacha kuuza petroli hiyo kufikia mwanzo wa mwaka wa 2006, na ni heri kwa vichwa vya watoto wetu. Lakini injini za miaka ya sitini zilizoea ile risasi kuwa kama mto kati ya valvu na kiti chake. Bila risasi, chuma hugonga chuma, na viti vya valvu za moshi huliwa taratibu. Dawa yake ni kuvichonga na kupachika vingine vya chuma kigumu. Baba alisema hilo si kuboresha, ni kuchukua nafasi ya kitu kilichoondolewa na serikali.

Binti yangu, kifungua mimba, wakati huo alikuwa mwaka wa pili chuo kikuu akisomea uhandisi wa mitambo. Kwa kuwa alipewa jina la marehemu nyanya yake, mzee humwita "mke wangu", nao ni sahani na kawa. Yeye ndiye aliyesema kwanza kuhusu breki.

"Baba, breki hizi ni za njia moja," aliniambia tukiwa tumelala chini ya gari. "Mafuta ya magurudumu yote manne yanatoka kwenye silinda moja. Mpira mmoja ukipasuka, yote yanaisha."

Nikamwambia magari yote ya wakati ule yalikuwa hivyo. Akasema angalau tubadilishe ile mipira minene inayopeleka mafuta kwenye magurudumu ya mbele. Mzee akaitazama, akaibinya kwa kidole, akasema aliifunga ikiwa mipya mwaka wa 1990 na haikutembea hata mwaka mzima. Mipira haijatembea itazeekaje?

Mipira huzeeka hata ikilala, msomaji. Huzeekea ndani. Mafuta ya breki hunyonya maji kutoka hewani, nayo hukaa humo miaka na miaka yakiula mpira pole pole, huku nje ukionekana mweusi na wa kung'aa. Binti alijua hivyo. Mimi pia nilijua, au nilipaswa kujua. Lakini nilikuwa nimetoa ahadi, na pesa za mwezi huo zilikuwa zimekwisha. Nikanyamaza.

Gari lilikamilika Desemba 2018. Sitakuchosha kwa habari za siku hiyo, ila mzee aliliendesha hadi sokoni na kurudi, akashuka, akaenda moja kwa moja chumbani mwake.

Mnamo Agosti 2019, mimi na binti yangu tuliamua kuteremka Mai Mahiu. Bila shaka waijua barabara hiyo inayoshuka kwenye genge la Bonde la Ufa, malori yakinguruma, na chini kabisa lile kanisa dogo lililojengwa na mateka Wataliano wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Tulikuwa tumeteremka kama theluthi moja. Mbele yetu lori la mchanga lilipunguza mwendo. Nikakanyaga breki, gari likaitika. Nikakanyaga tena, na pedali ikaenda hadi sakafuni kama mguu uliokosa ngazi gizani.

Nilikanyaga mara tatu, mara nne. Hamna kitu.

Binti hakupiga kelele. Alisema, "Gia, Baba." Nikarudisha kutoka ya nne hadi ya tatu, kutoka ya tatu hadi ya pili, injini ikalia mlio ambao sitaki kuusikia tena. Gia ya kwanza ya MGB la mwaka huo haikubali kuingia gari likiwa mbioni, mpaka ukanyage klachi mara mbili na uipe injini mafuta katikati. Sikuthubutu. Nikavuta hendibreki. Bahati yetu hendibreki hutumia waya, haitegemei mafuta, na hukamata magurudumu ya nyuma. Gari likayumba. Kushoto palikuwa na uwanja mdogo wa changarawe, mahali wachuuzi huwauzia watalii kofia na ngozi za kondoo. Nikaliingiza humo, tukaparamia rundo la kokoto, tukasimama. Bampa ilipinda. Kofia moja ya ngozi ilianguka juu ya boneti. Mwenye kibanda aliiokota, akaipangusa, akatuuliza kama twataka chai.

Gurudumu la mbele la kushoto lilikuwa limelowa mafuta. Mpira ulikuwa umepasuka kwa urefu, kama ganda la njugu.

Jioni hiyo nilifika kwa baba kwa miguu kutoka stendi. Nilimweleza. Aliniuliza, "Ulikanyaga mara ngapi?" Ni swali la fundi, nalijua sasa. Alitaka kujua kama kulikuwa na mafuta yaliyosalia. Lakini mimi nilisikia lawama. Nikamwambia maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi wake: "Baba, mipira yako nusura iniulie mtoto."

Mzee akainuka, akachukua fimbo yake, akatoka nje. Hakunijibu. Jumapili iliyofuata sikwenda, wala ile nyingine. Gari likavutwa hadi kibandani, likafunikwa. Mama watoto, ambaye hakuwahi kulipenda, ndiye aliyekuwa akiuliza, "Utaenda lini kumwona baba?" Nami nikasema nina kazi nyingi.

Kosa lilikuwa la nani? Nimejiuliza mara nyingi. Mzee alikosea kuhusu mipira. Lakini aliyekuwa na funguo mkononi ni mimi, na aliyejua hatari ni mimi, na mtu mzima hawezi kujificha nyuma ya utiifu. Nilitaka kuwa mwana mwema bila kugombana na mtu, na hapo nikamweka mtoto wa watu, kwa maana ana mama yake, kwenye mteremko ule.

Binti aliendelea kumtembelea babu yake kila Jumamosi. Mwishoni mwa Novemba alirudi jioni akaniambia, "Baba, umewahi kufungua kile kitabu?"

Sikuwa nimekifungua. Mzee alikuwa akiniagiza ukurasa kwa kichwa, nami nikidhani ni kumbukumbu nzuri tu. Binti alinieleza alichokiona. Pembeni mwa kila ukurasa, kwa penseli, kuna maandishi ya babu yake. Tarehe, maili, kazi iliyofanywa. Mwanzoni ni maneno ya Kiingereza yaliyonakiliwa herufi kwa herufi, na chini yake maana kwa Kiswahili, kama daftari la mwanafunzi. Kurasa za baadaye Kiingereza chake kimenyooka. Mzee hakupita darasa la nne. Kusoma Kiingereza alijifunzia katika kitabu hicho, usiku, akilinganisha picha na kitu alichokishika mchana. Siku alipofanya mtihani wa ufundi wa serikali na kutoka kwenye jina la spanaboi, alijibu maswali kwa kile alichokisoma humo.

"Alikwambia kwa nini hataki libadilishwe?" nikauliza.

"Alisema ukibadilisha gari, kitabu kitakuwa cha uongo."

Nilikaa kimya. Nilikuwa nimedhani ni ukaidi wa uzee.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda pamoja. Niliomba radhi nikiwa nimesimama, naye akaniambia niketi, chai itapoa. Hakusema amenisamehe, kwani si desturi yake. Binti ndiye aliyeleta hoja, tena kwa hekima ambayo nilikuwa sina.

"Babu," akasema, "unajua kiwanda chenyewe kilibadilisha breki?"

"Kiwanda gani?"

"Cha Abingdon. Marekani ilitunga sheria kwamba magari yote ya mwaka wa 1968 kuendelea yawe na breki za njia mbili, moja ikikatika nyingine ibaki. Kiwanda kikayaundia MGB ya huko breki hizo. Ya Uingereza yakaja kuzipata baadaye, miaka ya sabini."

Mzee alishika kikombe chake. "Walibadilisha wenyewe?"

"Wenyewe, Babu."

"Basi kitabu hiki ni cha zamani," akasema polepole. Kisha akauliza breki hizo hufungwa vipi. Wakainama juu ya meza wawili hao hadi giza likaingia, na mimi nikatumwa kwenda kuchukua taa.

Kwa hiyo, msomaji, hivi ndivyo gari lilivyo leo. Breki ni za njia mbili, kwa vipuri vya MGB za miaka ya mwisho, pamoja na mabomba na mipira mipya kila mahali, na mafuta hubadilishwa kila baada ya miaka miwili iwe limetembea au halikutembea. Mishipi ya usalama imefungwa, ambayo hata hivyo sheria za Michuki za 2004 hazingetuacha bila hiyo. Upande wa umeme tuligeuza mambo juu chini. Gari la 1966 hufunga upande chanya wa betri kwenye bodi, kinyume cha magari unayoyajua, na msamaria mwema akikuletea waya za kuwashia bila kujua hivyo, moshi utamjulisha. Sasa ni upande hasi. Dainamo, ambayo kwenye foleni ya magari hufanya taa zififie kama kibatari kinachoishiwa, ilitoa nafasi kwa altaneta. Nyaya nzima za gari zilikuwa zikilindwa na fyuzi mbili. Tumeziongeza. Na mbele ya rediata kuna feni ya umeme, kwa maana waliounda gari hili hawakuijua Waiyaki Way ya saa kumi na moja jioni.

Vingine vimebaki. Injini ni ile ile na kabureta zake mbili za SU, ambazo baba huzisikiliza kwa kipande cha bomba la mpira alichokitia sikioni kama daktari. Gia ya kwanza bado hunung'unika. Magurudumu ni ya spoku, na kuyasafisha ni adhabu. Pointi za kuwashia moto tumeziacha, ingawa binti alitaka kifaa cha elektroniki. Hapo mzee alishinda kwa haki: kifaa hicho kikifa kimekufa, na pointi zikichoka unazipiga msasa kando ya barabara na kwenda zako. Nami ningali nashuku ile feni ya umeme. Ina kelele, na nadhani tungeweza kupata iliyo bora.

Baba ana miaka themanini na sita sasa. Haendeshi tena. Huketi kiti cha abiria, kofia ya ngozi ya kondoo kichwani. Ni ile ile iliyoanguka juu ya boneti, nilirudi kuinunua.

Siku tuliyomaliza kufunga breki mpya, mapema mwaka wa 2020, alitaka kuijaribu pedali kwa mkono wake. Akaisukuma, akaishikilia, akahesabu kimyakimya, akaiachia. Kisha akamtuma binti ndani akalete kitabu. Akakifungua kwenye ukurasa wa breki, akampa penseli.

Binti aliandika chini ya mistari ya babu yake, mahali palipobaki nafasi. Aliandika aina ya silinda, vipimo vya mabomba, na tarehe. Mzee akakivuta kitabu karibu na macho, akasoma hadi mwisho, midomo ikicheza. Akamrudishia.

"Mke wangu," akasema, "hujaandika maili."

Binti akachukua tochi akatoka kwenda kutazama mita.